Maji ya Mashine ya Yustina

Ujerumani, 4 Machi 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu. Kwa kuwa kwenye simu hunisikii, naandika. Uliuliza nafanya kazi gani. Naotesha nyaya za madini ya platini, nyembamba kuliko unywele, ndani ya dawa iliyotulia, bila moto. Hidrojeni na hewa vikikutana juu yake, umeme unatoka, na badala ya moshi yanatoka maji. Zikiota vizuri sina wa kumwonyesha. Wenzangu huku husalimia kwa kutikisa kichwa.

Mwanao, Yustina

Iguguno, 20 Aprili 2023

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mgongo ni ule ule, Mungu yupo. Kumbe unatengeneza maji! Nimewasomea majirani. Tangu mama yako atutoke nyumba haijajaa hivi. Hata Peniel, aliyeninunia tangu ng'ombe wangu walipokula mtama wake, amekuja. Kisima cha kitongoji tulichotaka kuchimba baada ya kuvuna alizeti tumekiahirisha. Tunangoja mashine. Pipa inajaza kwa muda gani?

Baba yako, Melkiori

Ujerumani, 2 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenikosesha usingizi. Mashine yangu ni ya kiganjani, kutwa nzima haijazi kikombe. Na nyaya zenyewe zinachakaa upesi. Tafadhali waambie wachimbe kiangazi hikihiki. Nisamehe, sikueleza vizuri.

Mwanao

Iguguno, 11 Desemba 2023

Mwanangu Yustina,

Hujambo? Mimi sijambo, ila si sana. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilichelewa kuwaambia. Kila jioni walikuja kuuliza habari zako, nami nasema bado kidogo. Nilijua nikisema kweli hawatakuja tena. Nilisema mwezi uliopita. Wakaanza kuchimba kisima, mvua ikawakuta na shimo la kiunoni, likabomoka. Sasa kina mama wanapita na ndoo kwenda bondeni, hawageuki. Shikamoo napewa kwa ajili ya umri tu.

Nina upweke, mwanangu. Hizo nyaya zikikubali, njoo. Zikikataa, njoo vilevile.

Baba yako

Ujerumani, 13 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Tangu barua yangu ya Juni sijapata jibu lako, nikajua nimekuaibisha mbele ya watu. Nilikuwa nimepanga kuja Krismasi, nikaona haya. Nyaya zimekubali, Baba, hazichakai tena. Wakuu wangu wa kazi wakaniomba nibaki miaka mitatu zaidi. Nilingoja barua yako nipate la kuwajibu. Jana nimesaini mkataba.

Ukinisamehe, niandikie.

Mwanao