Hamsini na nane za Furaha

Ijumaa. Mvua iliyotutisha tangu asubuhi imepita upande wa ziwa bila kutugusa, na Kashojwa, kijiji chetu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, yote ni vumbi. Nina hasira. Katika miaka yangu ya ualimu sikupenda kuingia darasani nikiwa hivi, kwa hiyo nimeoga kwanza, nikanywa chai, ndipo nikakaa kuandika.

Hasira bado ipo.

Wiki mbili zilizopita tuliitwa Isingiro, kwenye ukumbi wa wilaya. Wakubwa wa chuo kimoja cha umma cha Mbarara walikuja kutuuliza eneo letu linahitaji wafanyakazi wa aina gani, ili masomo yao yafuate mahitaji hayo. Wafugaji walisema, wakulima wa ndizi walisema, na sisi wa kambini tukasema. Tulikubaliana jambo moja kabla ya mengine yote: watu wa kutibu mifugo hawatoshi. Ng'ombe anaugua leo, mtaalamu anafika baada ya mazishi. Bwana mmoja wa chuo aliandika yote daftarini, akatushukuru sana.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kitoto.

Jana nilimsindikiza Furaha Mbarara kuomba nafasi katika chuo hichohicho, somo la tiba ya mifugo. Furaha alikuwa mwanafunzi wangu kule Kivu Kusini, na alimaliza sekondari ya ufundi, mchepuo wa mifugo. Hapa Nakivale ndiye anayeitwa mbuzi akivimba tumbo. Hata Wanyankore, wenyeji wenye ng'ombe kwenye njia ya Isingiro, wanamwita. Anachokosa ni cheti cha nchi hii. Bila hicho haruhusiwi kuajiriwa wala kununua dawa zote anazohitaji, na maombi yanafungwa Jumatatu.

Karani wa dirishani alichukua karatasi zake, akashuka na kidole hadi kwenye somo la ufugaji. Hamsini na nane. Akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye, akaniita bwana kwa lugha ya kwao.

"Sebo, hii maksi ni kidogo sana. Huyu hapana weza hii kozi. Aende kwa ukatibu, huko nafasi iko mingi."

Nieleze, kwa sababu wengi mnaosoma maandishi yangu haya hamkusomea kwetu. Mashuleni kwetu Kongo, hamsini ni kufaulu. Sitini ni jambo la kuchinjiwa kuku. Sabini niliiona mara chache, na themanini tulisema mwalimu anajiwekea mwenyewe. Karani yule amezoea namba zinazopanda hadi tisini, kwa hiyo alisoma hamsini na nane yetu kama ya kwao. Ni kama kupima maziwa kwa futi. Na chini ya karatasi hiyohiyo, kwa Kifaransa, imeandikwa nafasi yake darasani: wa kwanza kati ya thelathini na wanne. Hakuna aliyefika mstari huo.

Nilianza kumweleza. Akasema kwa upole kwamba nyuma yangu kuna watu.

Nilisogea.

Hilo ndilo linaloniuma. Nilisogea, kwa adabu zangu zote, na Furaha akasogea kwa sababu mimi nilisogea. Tulikwenda mtaa wa Nyamityobora kwa shangazi yake, tukapewa chai. Nilikuwa nikiwaza: makatibu wengi hivyo watamwandikia nani barua? Ng'ombe? Kama chuo kinajua mahitaji yetu hadi kwenye daftari, nani amezuia daftari lisifike dirishani? Enyi wakubwa wa chuo, mlituita kutuuliza, au mlituita tuwe ushahidi kwamba mliuliza?

Simu ya Furaha ililia kabla kikombe hakijaisha. Alikuwa Tumwine, mfugaji wa njia ya Isingiro: ng'ombe wake alikuwa akisukuma tangu asubuhi na ndama hatoki. Nilimwambia Furaha kwamba leo ana haki ya kukataa. Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile.

"Mwalimu, ngombe haiulizake mutu pointi zake."

Tulipanda gari la kurudi, tukashuka njiani kwa Tumwine. Aliomba maji na sabuni, akakunja mkono wa blauzi aliyoivaa kwa ajili ya chuo, akalala ubavu majanini. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja wa mbele kuelekea nyuma. Furaha alimrudisha ndani kidogo, akautafuta mguu, akaunyoosha, akasubiri ng'ombe asukume. Alivuta pale tu ng'ombe aliposukuma. Darasani niliwafundisha hivyo kwa chaki, na mtoto wa ng'ombe wa kuchorwa ubaoni. Mimi nilisimama na bahasha ya vyeti kifuani.

Ndama alipiga chafya, akatikisa masikio.

Tumwine alimwuliza, "Daktari, wewe ulisoma wapi?"

Furaha akanielekezea kidevu. "Kwa huyu muzee."

"Basi huyu mzee alikupa mia."

Walicheka wote wawili. Mimi nilitazama ng'ombe akimlamba mwanawe. Zile hamsini na nane niliziandika mimi, kwa wino wangu mwekundu. Nilijivunia ukali wangu. Nilidhani namba ndogo humfanya mtu aendelee kukaza. Sikujua kwamba siku moja angezibeba kuvuka mpaka, mbele ya mtu asiyejua nilimaanisha nini.

Basi leo nimeandika barua, kurasa mbili, kwa Kiingereza changu cha kamusi. Nimeeleza hesabu zetu na mstari ule wa chini. Tumwine ameahidi kuja kusema alichokiona kwa macho yake. Saa mbili asubuhi Jumatatu nitakuwa dirishani, na Furaha mbele yangu. Karani akisema nyuma yetu kuna watu, nitawageukia watu hao niwaombe radhi.

Wangoje kidogo. Somo ni fupi.