Kalunde Alinipa Mgongo Tukila kwa Mhispania

Mpendwa Mama Syokau,

Naomba msaada wako, na kabla sijaomba naomba pia usinicheke, maana huku kambini nimechekwa vya kutosha. Mimi naitwa Mulei. Nilizaliwa Tulia, Kitui, lakini mama alifariki nikiwa mdogo nikachukuliwa na mjomba aliyekuwa akikata mkonge huko Thika, nikakulia kwenye kambi za mkonge katikati ya watu wa kila kabila. Siku hizi mjomba amerudi Tulia, nami namwona Krismasi peke yake, mwaka mzima niko na hii barabara ya Mombasa, naponda kokoto na kumwaga lami, na sasa kambi yetu iko Malili. Shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo mahali nimeandika vibaya utanyoosha mwenyewe.

Hapa Malili kuna mama mjane anaitwa Kalunde, mtu wa Mbooni, ana kibanda cha chakula karibu na kambi, na tangu tufike hapa huyo ndiye rafiki yangu. Usinielewe vibaya, yeye ni rika la dada yangu mkubwa, ni rafiki wa kuchekana tu. Jioni nikitoka kazini mgongo umekufa naketi kwenye benchi lake, tunakula muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, sahani moja, yeye ananiita mwanamume wa kokoto na mimi namwambia muthokoi wake una kokoto kuliko barabara. Nilipolala na malaria ni yeye aliyeniletea uji, wenzangu walileta pole.

Mwaka jana Kalunde alipata kazi jikoni kwenye hoteli ya Mhispania mmoja anaitwa Ramoni, aliyejenga hapa kando ya barabara kwa ajili ya watalii wanaoteremka Tsavo. Mchana yuko kwa Mhispania, jioni anarudi kibandani. Hiyo hoteli sisi watu wa barabara tulikuwa tunaiona kwa nje. Askari wa geti, Nzomo, akitukuta tumesimama kwenye kivuli cha ukuta alikuwa anatufukuza kama kuku, na mawe ya ukuta huo ni sisi tuliyachonga.

Basi mwezi uliopita Ramoni akasema hoteli imetimiza mwaka, kwa hiyo Jumapili kila mfanyakazi alete rafiki mmoja, wakae mbele pale wanapokaa wazungu, wahudumiwe. Mama Syokau, Kalunde angeweza kumleta mchungaji. Angeweza kumleta mkubwa wa kwaya. Alinileta mimi. Nilipiga suruali pasi kwa kuilalia, tukatoka ibada ya kwanza, na saa nne tukawa getini, kwa sababu chakula hicho si chai ya asubuhi wala si cha mchana, ni vyote viwili vimefungwa pamoja, ndivyo wazungu wanavyokula Jumapili wakichelewa kuamka. Nzomo akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Wewe si wa kokoto?"

"Ni mgeni wangu," Kalunde akasema. "Fungua pande zote mbili, tusipite kiubavu."

Akafungua zote mbili. Nikamwambia Nzomo, "Leo kivuli ni changu," nikapita taratibu ili anione vizuri. Hata leo nikikumbuka napona uchovu.

Sasa chakula chenyewe. Kwa Mhispania sahani ni ndogo kama za kuwekea kikombe. Wanaleta moja ina viazi vilivyopikwa ndani ya mayai, wanaleta nyingine ina vitu vya kijani vidogo vya chumvi vyenye kokwa, nikadhani ni zambarau mbichi, nyingine ina samaki wadogo wa kukaanga, nyingine mkate uliosuguliwa nyanya na kitunguu saumu. Hakuna sahani ya mtu, zote zinawekwa katikati, kila mmoja anachoma kwa kijiti anakula. Nilikula kidogo kidogo nikihifadhi nafasi, mwisho nikamwuliza Kalunde kwa sauti ya chini, "Chakula kinakuja saa ngapi?"

"Hiki ndicho chakula."

"Hiki ni cha kuonja. Ugali uko wapi?"

"Aiya, Mulei! Usiniaibishe mbele ya watu. Na hizo hazimezwi na kokwa."

"Nimeshameza."

"Basi utaota mti tumboni. Tutakuja na vikapu kuvuna."

Tulicheka mpaka mzungu wa meza ya pili naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Nikaangalia ukuta kwa ndani, ni mzuri kuliko kwa nje, nikajiona mtu kama watu wengine. Na furaha hiyo ndiyo iliyonifungua mdomo.

Kalunde ana binti, Mbula, anayeteremka kutoka Mbooni na mizigo ya parachichi na machungwa kuuzia hoteli, tukajuana pale kibandani, tukapendana, tukaahidiana kuoana, lakini mama yake hakuwa anajua. Nikaona siku nzuri kuliko hiyo sitapata. Nikasema hivi hivi, mdomo ukiwa na mafuta ya samaki: "Kalunde, rafiki yangu, sitaki kukuficha. Mimi na Mbula wako tunataka kuoana."

Kijiti chake kilikuwa kimeshachoma kiazi. Akakiweka chini pamoja na kiazi chake. Hakuniangalia. Alishika leso iliyokuwa mabegani akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi, akageuza kiti, akanipa mgongo. Mbele ya hoteli nzima, Mama Syokau! Nikamwita, "Kalunde, kwani nimesema nini?" Akaondoka akauzunguka ukumbi wote, hakutaka hata kupita karibu na kiti changu, akaingia jikoni na hakurudi.

Baadaye akaja Kivuva, mhudumu wa meza wa Ramoni, kijana kutoka mji wa Wote anayejua Kihispania cha kuita wageni tu. Akaondoa zile sahani ndogo zote na zilikuwa bado na vitu, akaweka mbele yangu sahani moja kubwa, mbavu za mbuzi mchanga, zimejaa.

"Hizi ni za nani?"

"Zako. Nimeambiwa ule peke yako."

"Na yeye?"

"Amesema yeye hatakula hapa."

Sitakudanganya, nilizila zote. Lakini zilikuwa zinashuka kama mawe.

Tangu siku hiyo nimepoteza rafiki. Nikienda kibandani jioni, yeye anatokea mlango wa nyuma, chakula napewa na msichana wake wa kazi. Sahani yangu sasa ni ya peke yangu. Jina langu halitaji, anasema "yule." Juzi tulikutana kwenye njia ya kwenda kisimani, akaacha njia akaingia kwenye vichaka vya miiba, mama mzima na ndoo kichwani, akasimama huko akiangalia upande wa milima mpaka nikapita. Wakamba wenzangu siwaulizi kwa sababu wote wanakula kwake, na neno likiingia kibandani linatoka limenona. Nilimwuliza Abdulatif, dereva wetu wa lori, yeye ni wa Kitui mjini lakini babu zake walitoka pwani. Akaniambia, "Ndugu yangu, mwanamke akikuona akakimbilia miiba, huyo miiba ameipenda kuliko wewe. Panda lori twende."

Na kweli kambi inahama mwisho wa mwezi huu, tunaelekea Kibwezi. Mbula ametuma mtu kuniuliza mbona nimenyamaza. Nimeshamtungia maneno ya kumwachilia, nimwambie mama yake amenikataa na mimi siwezi kumtenga binti na mzazi. Sijayatuma. Nakungoja wewe. Niyatume nipande lori, au nimpigie Kalunde magoti aniambie nilimkosea nini?

Mulei, mtu wa kokoto, Malili.

JIBU

Mulei,

Hayo maneno uliyomtungia Mbula, yatie kwenye moto wa lami yaungue. Nawa uso. Kisha soma hili mara mbili kwa sababu naona wewe jambo halikuingii upesi: umekubaliwa.

Nimesoma barua yako nikicheka, ndiyo, uliniomba nisicheke na nimeshindwa. Halafu nikakuonea huruma, kwa sababu mtoto aliyekulia kwenye mkonge bila mama angefundishwa na nani? Lakini mwanamume mzima wa Tulia kutoijua nthoni! Sikiliza. Nthoni ni ile haya na heshima iliyoko kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hawali pamoja, hawaitani majina, hawataniani, na wakikutana njiani kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi. Mama akivaa haya hiyo mbele yako, hajakuchukia. Amekuweka mahali pa mkwe. Mimi nina wakwe watatu. Wa kwanza alipoingia bomani kwangu bila kutangulia na hodi, nilijitumbukiza kwenye ghala la mahindi, vumbi likanijaa puani, nikapiga chafya mpaka akauliza kama kuna mbuzi mgonjwa humo ndani. Na huyo ndiye mkwe ninayempenda kuliko wote.

Sasa mrudie Kalunde kwa macho hayo. Alikuwa anachoma kiazi sahani moja na rafiki yake. Ukafungua mdomo, na kabla hujaufunga, aliyekuwa mbele yake si rafiki tena, ni mume wa binti yake. Ulitaka afanye nini, amalize kiazi? Mwanamke yule alikuwa na nafasi ndogo kama hiyo ya kukata shauri, na aliikata hapo hapo: akajifunika, akageuka, akaenda jikoni akakuchagulia mbavu. Mulei, wewe umewahi kuona aliyekataliwa akipelekewa mbavu? Sahani za kuchangia ziliondolewa kwa sababu wewe na yeye hamchangii tena. Ile kubwa ilikuwa karamu yako ya kwanza ya ukwe, ukaila ukisikitika. Pole kwa mbavu hizo.

Usiniambie Kalunde ni mtu wa kanisa. Mimi pia naimba sauti ya pili, na mkwe wangu akipita nainama. Heshima haijawahi kumzuia mtu kubatizwa.

Makosa yako ni mengine, na hayo nitakukaripia. Habari ya kuoa haipelekwi kwa mama wa binti, tena na mposaji mwenyewe, tena na mafuta ya samaki mdomoni, tena mkila sahani moja! Ulimvua nguo mama wa watu mbele ya wazungu. Habari hiyo hupelekwa na wazee. Kisha ulipokuwa umeshaharibu, ukaendelea kumwita jina kwa sauti, na kila jioni unaenda kukaa kwenye benchi lake kama hujui. Ndiyo maana anapita mlango wa nyuma wa kibanda chake mwenyewe. Unamchosha.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo, si kesho, mpelekee Mbula neno kwamba hujanyamaza, ulikuwa mjinga na sasa umeelimika. Kwenye kibanda usiende tena. Kama huwezi kuishi bila muthokoi ule, mtume mwenzako na sahani. Ukimwona Kalunde njiani, wewe ndiye uingie kwenye miiba. Yeye ana ndoo kichwani, wewe huoni aibu?

Jumamosi omba ruhusa uende Tulia, umwambie mjomba wako aliyekulea atafute mzee mwenzake na mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua uchumba, wapande Mbooni kwa ndugu za marehemu mume wa Kalunde. Wao ndio watakaosema, na wewe utakaa nyuma na mdomo mkavu. Kambi ikihama, hama nayo. Kibwezi si mwisho wa dunia, na mwanamume mwenye kazi anaheshimika Mbooni kuliko anayezurura Malili akitafuta msamaha ambao hakuna anayeudai.

Na Abdulatif mwambie Mama Syokau amesema aangalie barabara.

Najua bado kuna kitu kinakuuma. Barua yako haikuwa ya Mbula peke yake. Unamlilia rafiki yako wa jioni. Hilo nalo lina dawa. Wazee wetu hawakuwa wakatili, walijua watu huzoeana kabla ya kuoleana. Baada ya ndoa, mkwe aliyejipanga hupeleka kwa mama mkwe mbuzi na blanketi zito, akaomba kufunguliwa uso, na mama akipokea, nthoni inalegezwa, mnaweza kukaa chumba kimoja na kusemezana. Wako wanaokaa miaka kabla ya kupokea, na ni haki yao. Lakini huyo wako hataweza. Mtu aliyezoea kukucheka kila jioni, unadhani huko nyuma ya kibanda anafurahi? Naye anahesabu siku, ila yeye anajua anangoja nini.

Basi ukipata blanketi hilo chagua zito, Mbooni kuna baridi. Na siku atakapokufunulia uso, mpeleke yeye na Mbula kwa Mhispania Jumapili saa nne. Nzomo afungue pande zote mbili. Sahani ziwekwe katikati, wewe uweke mikono mapajani, umwache mama achome kiazi chake kwanza. Aliacha kimoja kwa ajili yako.

Mama Syokau