Nilimficha Mama Mkwe Ghalani

Alhamisi, Kangari. Ukungu tangu asubuhi, na baridi ya kuuma mifupa.

Leo ni siku ya tano tangu wanajeshi wafunge daraja. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Mume wangu amekwama kazini Murang'a mjini, na mimi niko hapa na mamake na wanangu. Kipindupindu kimeshaua watu huko chini mtoni, kwa hivyo sisemi wanajeshi wamekosea. Wametia dawa kisimani, wamepiga hema shuleni, wanawatundikia wagonjwa maji ya mshipa. Lakini nimechoka kufungiwa kama mbuzi, ala! Chai inakomaa shambani na hakuna lori la kuichukua.

Acha niseme ukweli, hata kama ni kwa karatasi tu.

Mama mkwe alianza kuhara jana. Nilimficha.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Alipoona zile sare alirudi kimawazo miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, vijiji vikizungushiwa handaki na seng'enge, na aliyechukuliwa na askari harudi. "Hawa ni wetu, maitu, mama yangu," nikamwambia. "Si tuko na uhuru?" Akanijibu ati bunduki haijui uhuru. Basi nikamlaza ghalani nyuma ya magunia ya mahindi, vile yeye alivyokuwa akiwaficha watu zamani.

Asubuhi koplo akabisha hodi, kwa adabu kabisa.

"Mama, kuna mgonjwa hapa?"

"Hakuna, afande."

Nilidanganya bila hata kumeza mate. Akaandika, akaenda zake.

Saa sita nikampelekea uji. Macho yalikuwa yamezama, na nilipofinya ngozi ya mkono ikabaki imesimama. Hakuweza kumeza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninamuua kwa kumtii.

Nikakimbia hadi barabarani nikipiga nduru. Koplo hakunigombeza hata. Walimbeba kwa machela, na mama mkwe alipopitishwa mbele yangu alinitazama, akasema neno moja tu.

"Ngati."

Ndivyo walivyoitwa wale waliowauza jirani zao kwa Mzungu. Katika boma hili hakuna tusi baya kuliko hilo.

Siruhusiwi kumfuata. Askari amesimama getini kwangu nisitoke. Sijui kama yu hai, na ninaogopa kuuliza.

Ee Mungu, mponye. Arudi aniite ngati kanisani, aniite sokoni, aniite mbele ya wanangu mpaka nizeeke.

Nitaitika.