Nyimbo Saba Ndani ya Kapu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku ya sitini na moja ya eda. Leo nimeshtakiwa! Bado hasa — nimeandikiwa barua. Karani mmoja wa kampuni ya muziki, Fransis, katoka nayo mjini mpaka huku Gongo la Mboto, akataka nitoke nisaini. Wifi yangu Rukaiya akamwambia nimo edani, sionani na wanaume. Basi akanisomea yote akiwa nyuma ya pazia, kwa sauti ya kuhutubia, nami nikapenyeza mkono nikasaini. Kumbe mkono una unga wa chapati. Nakala yao imerudi mjini na vidole vyangu vitano.

Wanasema Kapu la marehemu mume wangu, Suleiman, linagawa nyimbo saba za kampuni yao. Nina siku saba kuziondoa. La sivyo mahakamani, na wataomba mashine, hiyo kompyuta yenyewe, ichukuliwe.

Mashine ya Suleiman! Iko juu ya kabati la vyombo, inakoroma kama paka. Sitaki iondoke.

Na nyimbo zenyewe — zote saba nazipenda! Aliyeziweka ana masikio. Hata ile stesheni ya spika aliyonifungia Suleiman jikoni ilikuwa ikizipiga sana, mpaka iliponyamaza wiki ya msiba.

Jumanne, 15 Julai

Kaja Atuganile, wakili, mama jirani yetu wa nyumba ya tatu. Kala kashata nne, kauliza Kapu ni nini. Nikamweleza kama Suleiman alivyonieleza: ni programu huria, imeandikwa na watu wa dunia nzima, kila mtu ruhusa kuisoma na kuitumia. Yeye aliiweka tu kwenye mashine yake. Watu wa mtaani wanatia vyao kwa simu — mitihani ya zamani, mawaidha, video za harusi — na wengine wanachukua.

Marehemu mwenyewe alikuwa akitia nyimbo? akauliza.

Hata! nikasema. Yeye alitundika ubao, wabandikaji ni wengine.

Akafurahi. Hiyo ndiyo hoja yetu: mwenye ubao habebi kosa la aliyebandika, mradi akiambiwa kuna kibaya, akibandue haraka. "Kwa hiyo futa, dada Heri, halafu mie nitawaandikia."

Kufuta kunataka nywila. Nywila kaondoka nayo Suleiman.

Alhamisi, 17 Julai

Kuna kidokezo! Ukikosea nywila, mashine inakuonyesha neno aliloliacha mwenyewe: Alichoniunguzia.

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Nimejaribu pilau. Nimejaribu kanzu — ile ya Idi, niliyoipiga pasi huku nasikiliza spika. Aliivaa hivyohivyo, akaenda kusali na alama ya pasi mgongoni. Maharage. Pazia. Rukaiya kila akipita ananitupia kingine: "Maandazi ya harusi yangu!" "Godoro, Heri, siku ile ya udi!" Jirani katuma mtu kuuliza kuna nini. Mjane anachekaje hivi? Nikanawa uso. Halafu nikakumbuka sufuria ya maziwa, nikaanza upya.

Jumamosi, 19 Julai

Vitu ishirini na sita. Hakuna. Kesho kutwa siku zinaisha. Nimelia kidogo — nilikumbuka alivyokuwa akikwangua mkate uliomwungulia, taratibu, bila neno.

Jumapili, 20 Julai

Saa nne asubuhi.

Rukaiya alichoka. Katupa kijiko: "Wewe Heri umemuunguzia kaka yangu kila kitu!"

Tukatazamana.

Nikaandika: kilakitu.

IMEFUNGUKA! Rukaiya kapiga vigelegele ndani ya nyumba ya eda, Mungu atusamehe. Nikampigia Atuganile: njoo, nafuta, tumepona!

Kisha nikaziona. Ukishaingia kwa nywila, kila faili lina jina la aliyeliweka. Zote saba: Suleiman. Suleiman. Suleiman. Ziko folda moja, kaiita Za Heri akiwa jikoni.

Stesheni gani! Kumbe ni yeye akizipiga toka kwenye mashine hii! Miaka yote hiyo nilikuwa nikimsifia mtangazaji, na yeye kakaa hapo sebuleni ananisikiliza!

"Kaka yangu mwizi!" Rukaiya kajifunika khanga, anacheka. Mwizi wangu, nikasema.

Nimebonyeza wa tatu. Spika ya jikoni ikaitika.

Atuganile anapiga hodi. Anasema kwa sauti toka nje: "Dada Heri, usifute kwanza! Kampuni wanataka jina la aliyeziweka!" Rukaiya anamchelewesha mlangoni kwa salamu — za nyumbani, za kazini, za Mbeya kwao. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye Futa; nikizifuta, jina lake linakwenda nazo. Wimbo umefika pale ninapopenda. Ngoja uishe.

Nasikia harufu. Maharage!