Upande Uliopauka

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na Mama hajambo. Mimi mzima, ila mikono inanuka mafuta.

Kaa chini kwanza. Makumbusho wameniletea bunduki kuukuu kumi na mbili nirudishe rangi ya vishikio vyake vya plastiki, na ya tano ni yako, ile ya uaskari wa wanyamapori. Namba yake ni ileile uliyotukaririsha utotoni. Plastiki hupaushwa na jua juujuu tu. Naosha kwa sabuni, napuliza hewa ya moto kidogo kidogo isije ikayeyuka, kisha nafuta kwa mafuta. Nilijaribu sehemu ndogo kama ukucha: weupe ukazama, rangi ya maharage yaliyoiva ikatokea mbele ya macho yangu. Miaka yote hiyo ilikuwa humo ndani.

Lakini Baba, upande wa kulia umepauka kama jivu, wa kushoto ni kama umetoka kiwandani jana. Kitu kinachobebwa hupauka pande zote. Hiki kiliegemea ukuta, karibu na dirisha, miaka na miaka. Mama alikuuliza kila asubuhi kama utabeba bunduki, nawe ukaapa. Ilikuwaje?

Mwanao mdadisi

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanisumbua lakini halijanishinda. Mama yako anakusalimu. Mvua imenyesha, paa limevuja palepale.

Mambo ya plastiki siyajui. Askari mstaafu hahojiwi na mwanawe. Rudisha rangi, umalize kazi.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo, na poleni kwa paa.

Kazi inaisha mwisho wa mwezi ujao. Mkuu wangu hapa makumbusho ameshaandika kibao: “Silaha hii ilimlinda askari kila siku kwa miaka kumi na tisa.” Nikirudisha rangi, pande zote zitafanana na hakuna atakayejua. Nikiacha, kibao ni uongo. Weupe ukishaondoka siwezi kuurudisha.

Sikuhoji, Baba. Nakuomba.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Barua yako nimeikalia wiki sita.

Mwaka wa pili kazini nilimpiga risasi tembo jike. Nilidhani ananivamia, kumbe nilisimama kati yake na mtoto wake. Yule mtoto alibaki pale hadi jioni, akimgusagusa mama yake kwa mkonga. Kesho yake niliiegemeza bunduki ukutani kituoni, karibu na dirisha, nikachukua fimbo.

Miaka kumi na saba, mwanangu. Tembo walinipita karibu hadi nikasikia matumbo yao yakinguruma, nami nimesimama na kifimbo changu, machozi yananitoka. Hakuna hata mmoja aliyenigusa. Mpaka leo sijui kwa nini.

Basi uache upande ule ulivyo, na mwambie mkuu wako ukweli.

Mama yako nilimwogopa kuliko simba. Jana nikajikaza, nikamweleza yote. Hakuacha hata kuchambua mboga. Akasema mkanda wa bunduki hula shati begani, na mashati yangu yote alifua yeye. Tangu mwaka ule hakuna hata moja lililochakaa bega.

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliniuliza kila asubuhi.

“Ili kesho yake urudi kunidanganya tena,” akasema.

Baba yako