Majirani wa Bi Somoe

Mwajuma mdogo wangu,

Mama na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila nina hasira mpaka ming'oko ya kuchemsha niliyowekewa mbele imenishinda kula.

Niko Mahurunga, kijiji kile cha kwenye tamthilia ya mwongozaji wenu wa huko kazini kwako. Unaikumbuka sehemu ya msiba, wanakijiji wanapokuja mbio wakilia? Wachambuzi wameandika kwamba hajatokea mwongozaji wa kuwafundisha watu wa kawaida kuigiza vile. Hakumfundisha mtu. Mwenyeji wangu, Bi Somoe, amenieleza leo. Aliambiwa yeye peke yake apige yowe la msiba uani, mbele ya kamera. Majirani wakasikia huko mashambani, wakaacha mihogo yao, wakaja na unga na kuni kama wanavyofanya siku zote. Walilia machozi yao wenyewe. Yule bwana akaendelea kurekodi, na alipotosheka ndipo akawaambia kwamba hakuna aliyekufa.

Masika haya mume wa Bi Somoe amefariki kweli. Bibi akatoka pale pale uani, akapiga yowe. Hakuja mtu.

"Walidhani kamera zimerudi," ameniambia, huku akinisogezea sahani nile.

Nawaletea korosho, wewe na mama. Na mwezi ujao, ukumbi mzima utakaposimama kumpigia makofi mwongozaji wenu anapopewa tuzo ya kazi ya maisha yake, nakuomba wewe ubaki umekaa.

Kaka yako,
Hamisi