Mkono wa Solange katika Sahani Yangu

Goma, Jumapili baada ya misa

Mdogo wangu mpenzi Deo,

Amani ya Kristu ikae nyumbani kwako. Mvua imefika huko Bukavu? Na lile goti uliloumiza kwenye ngazi, linakubali kupiga magoti kanisani? Sisi tuko hai. Aristide anatoka kazini jioni, wajukuu wanasoma.

Tumesikia ujumbe wako wa sauti. Unataka niache nyumba ya mwanangu, nipande meli nije kwako, nitapishwe karuho, ile sumu ya polepole. Unasema Solange, mke wa Aristide, ndiye anayenipa, kwa sababu mke wako alipotutembelea Pasaka alimwona akitia vidole katika bugali yangu kabla sijala.

Kichwa changu kimevurugika. Acha nieleze kama darasani, pengine na mimi nitaelewa.

Maji ya baridi yakinigusa, vidole vinakuwa vyeupe kama chaki, kisha vya buluu. Ngozi ya mikono imekaza kama ya ngoma. Juzi niliamka mwepesi, nikachambua majani ya sombe, majirani wakasema mwalimu amepona. Kesho yake sikuweza kufunga kifungo cha blauzi. Malaria ninaijua: inakuja, inatetemesha, inaondoka. Ugonjwa huu haupigi hodi wala hauagi.

Dokta anasema mwilini kuna nyuzi zinazoshika ngozi na viungo, kama kamba zinavyoshika kitunga. Kuna pia askari wanaopigana na vijidudu. Askari wangu wamekosea, wanashambulia kamba zenyewe. Nikamuuliza, “Nani aliwatuma?” Akasema, “Mama, hakuna mutu anajua.” Jibu hilo ndilo linanisumbua, Deo. Karuho angalau ina mwenyewe.

Halafu akaniuliza kama naweza kufungua termosi, kama nalala vizuri, kama bado napenda kutembelea watu. Sikujua kwamba hayo nayo ni mambo ya dokta. Nikamjibu, “Siku gani, dokta, ile nzuri au ile mbaya?” Akacheka, akaandika.

Kanisani, wakati wa kupeana amani, ninatoa kifundo cha mkono, kama mtu mwenye mikono yenye maji, maana wakinibana vidole ninaweza kupiga kelele. Mama mmoja wa kwaya akaniambia, “Eh mwalimu, we unafuaka nguo mpaka kwa misa?” Tulicheka wote. Sikumweleza.

Sasa bugali. Tonge linataka ngumi, na ngumi yangu haifungi. Solange anatoka sokoni Birere mchana, ananawa, ananifinyangia matonge, anayapanga pembeni ya sahani. Hicho ndicho mke wako alichokiona.

Aristide alifungulia ujumbe wako sauti ikiwa juu, tukiwa mezani wote. Tangu siku hiyo Solange anaonja kila tonge kwanza.

“Acha basi, Solange.”

“Hapana, mama. Mi naonja, kusikuwe maneno. Tukikufa, tukufe wote.”

Zamani alikuwa akinifinyangia huku akinichekesha kwa habari za soko, kama yule aliyenunua viatu akafika nyumbani na miguu miwili ya kushoto. Siku hizi anafinyanga kimya.

Na jana, Deo, nilimwangalia akimeza, nikajikuta nasubiri. Nasubiri nini? Mimi niliyefundisha watoto wa watu mwili wa binadamu! Tonge likapoa mkononi mwake. Aliona kwamba nasubiri.

Kwa hiyo sipandi meli. Dawa zangu ziko hapa, na dokta amekataza nisizitapike. Njoo wewe, pamoja na mke wako. Msilete mganga. Utanawa, utakaa kiti cha Solange, utanifinyangia bugali na visamaki vya sambaza mbele ya watu wote, matonge madogo, maana mdomo nao haufunguki sana. Ukimaliza, mke wako aseme ni mkono wa nani ulio katika sahani yangu.

Leo mchana nilichukua tonge kabla Solange hajalionja. Alisimama akaenda jikoni, na sijui kama nilimfurahisha au nilimuumiza zaidi.

Nisalimie shangazi yetu asiyesikia vizuri, umsomee kwa sauti. Nisalimie na katekista jirani yako. Mke wako pia, bila kinyongo. Usishangae mwandiko kupinda: kalamu nayo inataka ngumi.

Dada yako mkubwa anayekungoja mezani,
Mwalimu Bernadette